Kichwa cha Mlingoti

"Nilimtukana, ndiyo," alisema Rozelle Pinder. "Nilimwita kipofu mbele ya uwanja mzima. Lakini tangu lini tusi likampasua mtu kichwa?"

Sajini Imelda Cropper hakujibu. Alikuwa na tabia moja iliyowakera wenzake wote katika ofisi ya sherifu: akishauliza swali hunyamaza, akamtazama mtu usoni kama anayesubiri maji yachemke, mpaka mtu mwenyewe aanze kuongeza maneno. Wengi huongeza yasiyotakiwa. Rozelle aliongeza yaleyale.

"Yalikuwa mazoezi tu. Nilipiga mbio chini ya matao, nikachoma pete zote kwa mkuki, kila mtu akaona. Mwamuzi, Wendell Tarbutton, akasema ya mwisho haihesabiwi, eti nimepitisha muda. Nikamwambia avae miwani. Basi! Nikampeleka farasi wangu bombani, nikamwosha, nikaenda zangu nyumbani. Jioni ileile mnanigongea mlango."

"Nani alikuona ukimwosha?"

"Farasi. Muulizeni."

Koplo Duane Zurek, aliyekuwa ameegemea mlango, alicheka puani. Alihamia Maryland kutoka Ohio mwaka uliopita, na mpaka leo hakuamini kwamba kuna jimbo zima ambalo mchezo wake rasmi, ulioandikwa kwenye sheria na kupigiwa kura bungeni, ni watu wazima kupanda farasi na kutungua vijipete vilivyoning'inizwa. Alipoambiwa kwamba hapa Quarry Neck watoto hushika mkuki kabla ya baiskeli, alidhani anataniwa.

"Mkuki wako tumeukuta kando yake," alisema. "Una jina lako na una damu yake. Na hilo tumwulize farasi?"

"Niliuacha kwenye rafu ya ukumbi wa klabu pamoja na ya wenzangu. Ule ukumbi haufungwi. Haujawahi kufungwa." Rozelle alimgeukia Imelda. Buti zake za kupandia farasi zilikuwa bado na matope ya jana. "Dada Imelda, wewe ni wa hapahapa. Mzee Insley amejua kama niko hapa? Mwambieni. Yeye ndiye aliyenifundisha kupanda. Atanisemea."

"Tutamwambia," Imelda alisema, akatoka.

Koridoni Zurek alimfuata akiwa na haraka zake. "Sherifu anataka afunguliwe mashtaka kabla ya ufunguzi wa mashindano mchana. Kaunti nzima itakuwa pale uwanjani, na yeye ana uchaguzi mwezi wa kumi na moja. Na huyo Tarbutton bado hajafumbua macho. Akifa, binti anakwenda kwa kosa la mauaji, hatoki tena. Tunangoja nini?"

"Nangoja daktari aniambie kitu."

"Akuambie nini tena? Mtu kapigwa."

"Kapigwa na nini?"

"Na mkuki! Damu unaiona wewe mwenyewe."

Imelda alikuwa ameuona mkuki ule kwa makini kuliko mwenzake. Damu ilikuwa upande mmoja tu wa mpini, imepakaa kwa urefu, haina unywele hata mmoja. Mti uliompiga mtu hauwi hivyo. Mti uliolazwa juu ya damu ndio unaokuwa hivyo. Hakusema, kwa sababu sherifu hapendi mambo ya "huenda", na Zurek angemfikishia.

Simu ya daktari ilikuja wakiwa bado wamesimama palepale. Imelda alimsikiliza, akamwomba arudie, akauliza ukubwa. Kichwa cha Tarbutton, juu kidogo ya sikio, kilikuwa na vishimo vitatu vya mviringo, kila kimoja kama punje ya mbaazi, vimekaribiana na kukaa kama mafiga. Mti mnyoofu, daktari alisema, hauachi alama ya namna hiyo hata ukipiga kutwa.

Zurek hakuyumba. Macho yalimwaka. "Kiatu cha farasi! Kwenye gari la Rozelle tumekuta kiatu cha chuma chenye vile vichwa vinavyochomoza ili farasi asiteleze kwenye nyasi. Ndicho hicho. Kampiga nacho, kisha kaacha mkuki ili... ili..."

"Ili ajisingizie mwenyewe?"

"Hasira haina akili," Zurek alisema, lakini sauti ilikuwa imepungua.

"Kichukue hicho kiatu. Twende ukumbini."

*

Ukumbi wa klabu ya wapanda farasi ya Quarry Neck ulinukia chokoleti. Damu ilikuwa imeshaoshwa baada ya picha kupigwa, kamba ya polisi imezunguka kona moja, na katika kona nyingine Verna Dize alikuwa anapaka keki. Watu wa klabu walimsihi apumzike, akasema akipumzika ataanza kufikiri. Yeye ndiye aliyemkuta Tarbutton sakafuni jana jioni, alipokuja kuweka keki zake kwenye friji.

Verna alizaliwa kisiwani, ng'ambo ya ghuba, na alipaka keki kama watu wa huko wanavyopaka: tabaka nyembamba kama chapati, kila moja imeokwa peke yake, kisha chokoleti ya moto, kisha nyingine juu.

"Ina ghorofa ngapi hii?" Zurek aliuliza.

"Nane. Nikiwa na furaha huwa kumi." Hakuinua uso. "Usiguse, kijana. Hii ndiyo keki ya jimbo kwa sheria, na wewe bado mgeni."

"Hata keki mmeitungia sheria?"

"Na paka pia," Imelda alisema. "Yule mwenye madoa ya rangi tatu. Mama Verna, jana Wendell alikuwaje?"

"Alikuwa mzima, anatabasamu peke yake. Nikamuuliza, wewe vipi? Akaniambia kesho kwenye ufunguzi kutakuwa na jambo jipya, watu watalia. Nikamwambia basi nidokeze. Akasema hapana, kuna mtu itabidi amwambie kwanza, ana kwa ana, asije akamvunjia heshima." Verna alifuta jicho kwa mgongo wa mkono, akaacha mstari wa chokoleti shavuni. "Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu."

"Mtu gani?"

"Hakumtaja."

"Si ni Rozelle," Zurek alinong'ona. "Alitaka kumfungia asishindane. Akamwita, akamwambia, binti akawaka."

Liliwezekana. Imelda aliliweka akilini pamoja na mengine, ila halikukaa vizuri. Hakuna mtu anayetabasamu peke yake kwa sababu kesho atamfungia binti mbele ya watu wakalia. Tarbutton hakuwa mtu wa hivyo. Alikuwa mwamuzi mkali mwenye roho laini, na kaunti nzima ilimjua.

"Mama Verna, nipatie siagi. Kipande kizima."

Alikiweka mezani, akachukua kile kiatu cha farasi kikiwa ndani ya mfuko wa vielelezo, akaufunga mfuko vizuri juu yake na kukikandamiza kwenye siagi.

"Siagi yangu!" Verna alipiga kelele.

Viliingia vishimo viwili. Kimoja huku, kingine kule, na katikati yake mtu angeweza kupitisha ngumi. Imelda alikigeuza kiatu, akajaribu tena upande wa pili, akajaribu kwa kukiinamisha. Viwili, na wakati mwingine kimoja. Vishimo vitatu vya kukaribiana havikupatikana.

Zurek aliitazama siagi kwa muda, akakuna kidevu. "Sawa," alisema shingo upande. "Si kiatu."

"Si kiatu. Na si mkuki. Kwa hiyo kuna kitu cha tatu ambacho hatujakiona, na aliyenacho hapendi tukione."

*

Uwanjani Mzee Ambrose Insley alikuwa anatundika pete kwenye matao, zile ndogo zilizozungushiwa uzi mweupe. Alikuwa mrefu, mgongo umenyooka licha ya umri, na shati lake lilikuwa limepigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama. Tangu Imelda yuko shule ya msingi, ufunguzi wa mashindano ulikuwa huyu mzee akiingia mbele ya wote juu ya farasi mweupe, ameshika bendera ya jimbo.

"Nimekuja kukuuliza habari za Rozelle, mzee."

"Nimesikia." Alishuka ngazi taratibu. "Afande, ufunguzi utakuwepo kama kawaida? Watu wameanza kuniuliza."

"Utakuwepo."

"Vizuri. Vizuri sana."

"Rozelle anasema utamsemea."

Mzee alikunja uzi kidoleni. "Nilimpandisha farasi akiwa hajafika hata kimo cha tandiko. Babu yake alikuwa akiwashikia wenzetu farasi papa hapa uwanjani, na yeye mwenyewe haruhusiwi kupanda, kwa sababu ya rangi yake. Nyakati zile zilikuwa hivyo. Mimi ndiye niliyesema huyu mjukuu atapanda, na walionuna wakanuna. Ni mtoto mwema, Imelda. Mwema kabisa." Akashusha pumzi. "Ila zile hasira zake. Nilimwonya mara nyingi. Na mkuki ni wake. Sasa mimi nitasema nini?"

"Unadhani ni yeye?"

"Nadhani mahakama itamwonea huruma."

Zurek aliitikia kwa kichwa kwa heshima, kama mtu aliyesikia ushahidi mzuri. Imelda alisikia kitu kingine. Alikuwa amewahoji watu wengi waliowatetea wapendwa wao, na wote walikuwa wakaidi, wapayukaji, wakali kwa polisi. Huyu alimzika binti kwa sauti ya upole, akaweka na maua juu.

"Jana jioni ulikuwa wapi, mzee?"

"Nyumbani kwangu, pale ng'ambo ya shamba la mahindi. Mtu akisimama hapa analiona paa."

"Wendell alikuwa na jambo la kumwambia mtu, ana kwa ana. Si wewe?"

"Mimi na Wendell tulikuwa tunazungumza kila siku." Mzee alipanda ngazi tena. "Kuna watu walipigana vita katika jimbo hili, ndugu kwa ndugu, mmoja kavaa nyeusi na dhahabu, mwingine nyekundu na nyeupe. Walipochoka wakazishona rangi zote nne kwenye kitambaa kimoja, na ndiyo bendera tuliyonayo. Mimi nimeibeba hiyo. Siwezi kugombana na mtu kwa ajili ya upuuzi."

Hakuna aliyekuwa ametaja ugomvi. Lakini Imelda alijua neno la namna hiyo halimfungi mtu. Mzee anaweza kusema lolote siku rafiki yake yuko hospitali.

"Na leo nani anabeba?"

"Mimi. Nani mwingine?" alijibu upesi, na pete ikamponyoka mkononi.

*

Bendera zilikuwa jukwaani kule ukumbini, mbili, kila moja kwenye mlingoti wake mrefu kuliko mtu, chini ya nembo ya jimbo yenye maneno ya Kiitaliano ambayo mababu waliyasoma "matendo ya kiume, maneno ya kike," mpaka majuzi bunge lilipoona haya na kuyatafsiri upya: matendo ya nguvu, maneno ya upole. Babake Imelda alipenda kumtania kwa tafsiri ya kwanza. Yeye kazini alitumia ya pili.

Alizitazama bendera kutoka chini, kisha akapanda jukwaani. Ya taifa ilikuwa na tai juu, tai mzee aliyeshika vumbi kwenye mbawa. Ya Maryland ilikuwa na msalaba wa dhahabu. Msalaba uling'aa.

"Duane, njoo uone. Huyu tai ana umri gani?"

"Wa bibi yangu."

"Na huu mlingoti wa pili?"

"Umri uleule. Shaba yake imekuwa nyeusi."

"Na msalaba?"

Zurek alisogea, akanyanyua shingo. Chini ya msalaba, pale unapokaa kwenye shaba, kulikuwa na mzunguko mweupe uliopauka, mpana kuliko kitako cha msalaba wenyewe. Kitu kikubwa zaidi kilikuwa kimekaa pale miaka mingi, na sasa hakipo.

"Wamebadilisha pambo," alisema. "Kuna ubaya gani? Kwetu Ohio unaweka lolote. Mkuki, tai, kitunguu ukitaka."

"Ninyi mna bendera iliyokatwa mkia kama mbayuwayu, usinifundishe. Hapa kuna sheria. Mlingoti wa bendera ya jimbo ukiwa na pambo juu, liwe msalaba huu wa dhahabu. Jingine haliruhusiwi."

"Mmetunga sheria ya kichwa cha mlingoti!"

"Tumetunga. Nishikie."

Waliufungua msalaba kwa leso. Zurek aliutazama mkononi mwake na utani ukamtoka. Kila mkono wa msalaba ule uliishia kwenye vifundo vitatu vya mviringo, kimoja huku, kimoja huku, kimoja juu. Imelda alirudi kwa Verna, ambaye safari hii aliisukuma siagi mwenyewe bila neno. Akaulaza mkono mmoja wa msalaba, akakandamiza.

Vishimo vitatu, vimekaa kama mafiga.

"Mungu wangu," alisema Verna.

"Lakini huu ni msafi, tena mpya," Zurek alisema polepole. "Si huu."

"Si huu, ni ndugu yake. Aliyempiga Wendell alishika mlingoti mzima na kumzungushia. Msalaba wa zamani ukaingia damu, pengine ukapinda. Akaufungua, akaondoka nao. Mpaka hapo namwelewa." Imelda alifuta mikono. "Halafu angeweza kuuacha mlingoti mtupu. Sheria haikatazi mlingoti usio na pambo, na asubuhi hakuna ambaye angejali. Wewe ungefanyaje?"

"Ningekimbia mpaka Ohio."

"Yeye alikwenda kutafuta msalaba mwingine. Akaupata, akarudi nao, akapanda hapa jukwaani na kuufunga, akahakikisha umenyooka, na Wendell yuko pale chini anavuja damu. Ndipo akautoa mkuki wa Rozelle kwenye rafu."

Verna aliweka kisu cha keki mezani. Zurek alikuwa amekunja uso, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi hakuwa na haraka.

"Mtu gani anafanya hivyo?"

"Mtu wa hapa," Imelda alisema. "Na msalaba aliuleta kutoka mahali. Mahali hapo leo pana bendera isiyo na kichwa."

*

Siku ya mashindano kila nyumba ya Quarry Neck hutundika bendera barazani. Imelda aliendesha gari mwendo wa maziko, Zurek akitazama upande wa kulia na yeye kushoto. Nyeusi na dhahabu, nyekundu na nyeupe, msalaba juu. Nyumba ya mchinjaji, msalaba upo. Nyumba ya mchungaji upo. Kwa Tarbutton kwenyewe, mtu aliitundika asubuhi ingawa mwenye nyumba yuko hospitali, na msalaba upo. Kwa akina Pinder, ambako mama yake Rozelle alikuwa amekaa kwenye ngazi na kuwatazama wakipita bila kupunga mkono, msalaba upo.

Walizunguka shamba la mahindi. Nyumba ya Ambrose Insley ilikuwa nyeupe, imepakwa rangi upya, na baraza lake lilikuwa tupu.

"Mbeba bendera," Zurek alisema, "hana bendera."

Mzee alitoka akifunga vifungo vya koti la ufunguzi, lile jeusi lenye mkanda wa dhahabu begani. Aliwaona wakitazama kishikio kitupu ukutani, akasimama.

"Nimeiondoa. Imechanika," alisema kabla hajaulizwa.

"Pole, mzee. Naomba niione."

Aliingia ndani, akakaa kidogo, akarudi na bendera imekunjwa vizuri mikononi. Imelda aliipokea kwa heshima. Aliikunjua pamoja na Zurek, wakaipitisha macho pindo kwa pindo. Haikuwa na mchano hata wa sindano.

"Na mti wake?"

Mzee Insley alikuwa anatazama jinsi kona moja ya bendera ilivyokaribia kugusa sakafu, na Imelda aliinyanyua kabla haijagusa. Hapo ndipo alipochagua swali lake. Angeweza kumwambia habari za siagi, daktari na mzunguko mweupe. Angeweza kutaja hati ya upekuzi, na mzee angemwita wakili, na wakili angefika baada ya Rozelle kushtakiwa.

"Basi uache tu huo mti," alisema kwa upole. "Kitu kimoja ndicho sikielewi. Ule mlingoti wa ukumbini, kwa nini hukuuacha mtupu?"

"Bendera ya jimbo ikae bila kichwa?" mzee alifoka. "Siku ya mashindano? Mbele za watu?"

Kisha alisikia alichokisema. Mkono wake ulitafuta kiti, ukakikosa, ukakipata.

Zurek alikuwa amesimama kama aliyepigiliwa msumari. Imelda alikaa kwenye ngazi, akaikunja bendera juu ya magoti yake na kungoja, kama kawaida yake.

"Alikuja anatabasamu," mzee alisema hatimaye. "Akanipeleka ukumbini, akanionyesha jukwaa. Akasema, Ambrose, umeibeba vya kutosha. Mwaka huu tumpe Rozelle. Fikiria, mjukuu wa yule mzee aliyekuwa akishika farasi! Akadhani nitafurahi. Akadhani nitalia kwa furaha." Alishika mkanda wa dhahabu begani. "Nilimfundisha yule mtoto kila kitu. Jinsi ya kukaa, jinsi ya kulenga, jinsi ya kuanguka. Nafasi yangu sikumpa. Mlingoti ulikuwa mkononi mwangu, nilikuwa naufuta vumbi. Sikukusudia."

"Naamini hukukusudia kumpiga Wendell. Mkuki wa Rozelle je?"

Mzee alifungua kifungo cha koti, akakifunga tena.

"Huo ulikwenda ukauchagua kwenye rafu, mzee. Mikuki ipo mingi pale. Ukasoma majina."

"Ningesema." Alikuwa anamtazama Zurek sasa, kwa sababu Zurek alikuwa mgeni na pengine angemwamini. "Wallahi ningesema. Nilitaka kuibeba mara moja tu, ya mwisho. Baada ya ufunguzi ningekuja mwenyewe ofisini na kusema."

"Ulirudi kwa ajili ya msalaba," Imelda alisema. "Uliona aibu bendera ikae bila kichwa hata kwa usiku mmoja. Binti uliyemlea kwenye tandiko ukamwacha alale kwetu." Sauti yake haikupanda, lakini Zurek aligeuka kumtazama, maana hakuwahi kuisikia namna ile. "Msalaba wa zamani uko wapi?"

"Kwenye pipa la shayiri. Nimeuosha."

Zurek alikwenda zizini, akarudi ameushika kwa leso. Ulikuwa mzito, dhahabu imefifia, na mkono mmoja umepinda. Kwenye mikunjo ya vifundo, mahali ambapo kitambaa hakifiki, palikuwa na weusi ambao maabara ingeujua mara moja.

Mzee aliomba avue lile koti kabla ya kufungwa pingu. Imelda alimruhusu.

*

Sherifu alipopigiwa simu alisema jina la Insley kwa sauti ya chini, kisha akauliza kama wana hakika, na mwisho akauliza nani atabeba bendera. Imelda alikata simu. Hospitali walikuwa wameacha ujumbe kwamba Tarbutton amesogeza vidole, wasitarajie zaidi ya hapo kwa leo.

Mlangoni mwa chumba cha mahojiano alimkuta Rozelle amesimama.

"Umemwambia Mzee Insley?"

"Kaa kidogo, Rozelle."

"Sitaki kukaa. Amesemaje?"

"Uko huru. Hakuna mashtaka. Gari litakupeleka kwa mama yako." Imelda alijua kwamba hakuna namna nzuri, na kwamba akichelewa binti atasikia uwanjani kutoka kwa mdomo wa mtu asiye na haya. "Ni yeye aliyempiga Wendell. Amekiri. Na mkuki wako ni yeye aliyeuweka pale."

"Hapana."

"Rozelle..."

"Hapana, mmekosea. Mmemtisha. Huyo wa Ohio kamtisha! Rudini mkamwulize tena, kwa adabu."

"Nilimwuliza kwa adabu."

Rozelle alishika mgongo wa kiti. Macho yalikuwa makavu na makubwa. "Kwa ajili ya nini? Wamekuwa marafiki tangu kabla sijazaliwa."

"Wendell alitaka wewe ndiye ubebe bendera leo. Alikwenda kumwambia yeye kwanza."

Ilichukua muda kumwingia. Imelda aliona kila neno lilivyokuwa likishuka: "bendera", kisha "leo", kisha "yeye kwanza". Alikuwa tayari kwa kelele, hata kwa kiti kurushwa ukutani. Zile hasira walizozisema wote. Rozelle alikaa tu, mikono katikati ya magoti, akatazama matope kwenye buti zake.

"Yuko hapa jengoni?" aliuliza.

"Chumba cha mwisho."

"Ana dawa zake za moyo. Zinakaa dirishani jikoni, chupa ya rangi ya machungwa. Kila jioni mimi ndiye ninayempigia simu, maana husahau. Jana sikumpigia." Alivuta pumzi. "Mtu akamchukulie. Asiambiwe ni mimi."

Imelda alisema zitaletwa. Rozelle aliitikia kwa kichwa, na hapo ndipo alipoanza kulia.